Mafuta Waliyotuletea Kakuma

Nyinyi mnaokalia meza yangu sasa pale Lodwar mliniomba niwaandikie mambo machache ya kazi kabla sijasahau. Sijasahau chochote, na hilo ndilo tatizo langu. Nimestaafu mwezi uliopita tu, kucha bado zina weusi wa masizi, na hasira ninayo kamili. Basi someni kwa subira. Vyeo nilivyopanda na nilivyonyimwa sitavitaja, kwa sababu sijawahi kuona cheo kikisafisha bunduki.

Mimi ni mtoto wa Lowarengak, ufukweni mwa ziwa. Niliajiriwa polisi nikiwa msichana mwembamba mwenye sauti kubwa, na nilichotaka ni kuwa dereva. Siku ya kwanza Lodwar, yule aliyekuwa akigawa kazi alipitisha kidole kwenye orodha, akafika kwenye jina langu, akaona ni la mwanamke, akanipeleka ghala la silaha. Alisema kule kuna kufagia. Ndivyo nilivyoingia kwenye ufundi wa silaha, kwa mlango wa ufagio.

Fundi wa pale alikuwa Sajini Wanyama, mtu wa Bungoma, mzito wa mwili na mchache wa maneno. Ufagio hakunipa. Alipanga chupa tano za soda mezani, zote bila karatasi, akaniambia ninuse moja moja na kumwambia ni nini. Petroli niliijua. Mafuta ya taa niliyajua, tulisomea kwa koroboi. Dizeli niliijua kwa sababu ya boti za wavuvi wakubwa. Ya nne sikuijua, ilikuwa na mafuta mepesi ya rangi ya manjano hafifu, karibu hayana harufu. Akasema hayo ndiyo mafuta ya silaha na nisiyasahau. Ya tano ilinifanya nirudishe kichwa nyuma. Ilinuka kama yai viza. Akaniambia hayo ni mafuta ya gia ya lori, yana kiberiti ndani yake, na kwamba fundi asiyetumia pua yake atakuja kutumia pua za watu wengine, wakati wa kuzika.

Alikuwa na mizaha ya namna hiyo.

Aliyonifundisha miaka ile ndiyo mliyonisikia nikiyarudia mpaka mkanichoka, lakini nayaandika. Kusafisha ni kazi moja na kulainisha ni kazi nyingine, na asiyezitenganisha hafanyi hata moja. Dawa ya kuyeyusha masizi huingia, hufanya kazi yake, kisha hutolewa yote. Ikibaki ndani ya mtutu, hasa ile yenye harufu kali ya amonia inayotoa alama za shaba, itaanza kula chuma chenyewe. Mafuta ya taa ni mazuri kwa uchafu wa kawaida, ni ya polepole, hayana hasira, lakini nayo yafutwe mpaka kitambaa kitoke kikavu. Petroli ni ya haraka, ndiyo maana wavivu wanaipenda. Huondoa masizi, huondoa na mafuta yote, ikaacha chuma uchi. Bunduki iliyooshwa kwa petroli asubuhi kule Lowarengak, karibu na ziwa, jioni ina kutu.

Na risasi kuukuu, zile zinazokamatwa zikivushwa mpaka, zina chumvi kwenye kiwashio chake. Vijana wengi hudhani mafuta yatamaliza kila kitu. Chumvi haiyeyuki kwa mafuta, mnaifunika tu, nayo inaendelea kula huko chini. Chumvi hutoka kwa maji. Mara ya kwanza nilipomwona Wanyama akimimina maji ya moto kutoka kwenye birika la chai ndani ya mtutu, nilidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Alipomaliza alikausha, akapitisha kitambaa chenye tone moja la mafuta mepesi, akaniambia nitazame ndani. Mtutu ulikuwa kama kioo. Maji yaliyobaki tulinywea chai.

Lakini mikono yake ndiyo niliyoitazama zaidi. Kabla sijafika, kwa miaka mingi, alikuwa ameletewa petroli tu, na alikuwa akioshea bunduki ndani ya karai kwa mikono mitupu. Ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka kama tope la mto uliokauka, na haikupona tena. Aliomba glavu. Aliandika barua nyingi, na nakala zake alinionyesha. Jibu moja lilisema kwamba glavu si kifaa cha silaha na hivyo haziwezi kuagizwa kupitia ghala la silaha. Kuna mtu aliketi ofisini chini ya feni, akaifikiria sentensi hiyo, akaipiga chapa, akatia sahihi. Wanyama alistaafu akiwa hawezi kushika sikio la kikombe. Alikuwa akikibeba kwa viganja viwili, kama mtoto. Sikuwahi kumsikia akilalamika, kwa hiyo ninalalamika mimi.

Baada yake nilipelekwa Kakuma. Huko ndiko nilikojifunza kwamba vitabu vya silaha vimeandikwa na watu wa nchi za mvua. Vitabu vinasema paka mafuta. Kakuma, ukipaka mafuta, umepaka gundi. Vumbi la kule si mchanga, ni unga, na upepo wa mchana hauulizi kama mlango umefungwa. Linaingia kwenye unga wa ugali, masikioni, hata ndani ya saa ya mkononi. Likikuta mafuta mengi kwenye bunduki linakaa, na mafuta yakiwa mazito linakuwa uji wa kusagia. Kwa hiyo nilikuwa na sheria moja. Nje ya bunduki pawe pakavu kabisa. Ndani, pale tu bolti, kile chuma kinachoenda na kurudi, inapoteleza, pitisha kitambaa kilichoguswa na mafuta mepesi, kisha pitisha kingine kikavu. Ukiona inang'aa, umezidisha. Niliomba pia ule unga mweusi wa kulainishia chuma bila mafuta, jamaa ya ule wa ndani ya penseli, nikaambiwa haumo kwenye orodha. Koplo mmoja mjanja akanishauri nisage penseli. Msisage penseli. Ina udongo ndani yake, na udongo ndio tunaoukimbia.

Miaka kadhaa tuliishi hivyo, na bunduki za Kakuma zilikuwa mbaya kwa sura na nzuri kwa kazi. Kisha akaja Mkuu mpya.

Jina lake sitaliandika. Hakuwa mtu mbaya nyumbani kwake, nadhani. Alikuwa mtu wa gwaride. Siku alipokagua silaha mara ya kwanza alipitisha kidole kwenye mtutu mmoja, akauliza kwa nini bunduki zetu zinaonekana kama zimetoka kaburini. Nikamweleza habari ya vumbi. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema huko alikotoka bunduki ziling'aa. Alikotoka kunanyesha kila wiki. Hilo nalo nilimweleza, na nadhani tangu siku hiyo hakunipenda.

Muda si mrefu likaja pipa. Liliteremshwa kutoka kwa gari la ugavi, jipya, jeusi, limebandikwa karatasi yenye maandishi makubwa kwamba ni mafuta ya silaha. Nililifungua kifuniko na sikuhitaji kuinama. Lilinuka yai viza. Niliweka tone kwenye kioo, nikainamisha kioo, tone likakaa palepale likinitazama. Yalikuwa mafuta ya gia. Kuna mfanyabiashara alishinda tenda ya mafuta ya silaha, akaenda akanunua mafuta ya lori, akabandika karatasi, na kila mtu kati yake na mimi alitia sahihi bila kufungua kifuniko. Kama si hivyo basi walifungua, na hilo ni baya zaidi.

Niliandika ripoti. Niliiandika kwa Kiingereza changu chote, ukurasa na nusu, nikaeleza uzito wa mafuta, harufu, na yatakavyokutana na vumbi. Jibu lilikuja mstari mmoja. Lilisema kwamba fundi wa silaha si mkemia, na atumie kilicholetwa.

Nikayaacha pipani. Nilikuwa na akiba ya makopo machache ya mafuta mepesi niliyoyabana tangu enzi za mkuu aliyetangulia, nikaendelea nayo. Kisha ikatangazwa kuwa wageni wakubwa wanakuja kututembelea, na Mkuu akataka bunduki zote zing'ae, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Nilikataa mara ya kwanza. Akaja mwenyewe ghalani, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anayekataa amri atafute kazi nyingine, na kwamba kuna vijana wengi Lodwar wanaojua kupaka mafuta. Nilikuwa na mama mgonjwa na miaka michache kabla ya kustaafu.

Nilipaka. Sitaki mtu asome hapa akidhani nilipigana mpaka mwisho. Nilichukua kitambaa, nikachovya kwenye pipa, nikapaka bunduki zote zilizokuwa kwenye safu, kwa mkono huu. Ziling'aa kama samaki waliotoka majini. Mkuu alifurahi sana.

Wageni walifika siku iliyofuata asubuhi, wakapiga picha. Asubuhi hiyohiyo kulikuwa na malori mawili ya wafanyabiashara wanaotoka kambi ya wakimbizi kwenda Lodwar, na askari wawili walipangwa kuyasindikiza. Mmoja alikuwa koplo mzoefu, yeye alikaa lori la mbele. Wa pili alikuwa konstebo kijana anayeitwa Ekal, mtoto wa Nariokotome. Nilimpenda kwa sababu moja: alikuwa akisafisha bunduki yake kabla hajala. Alikuja ghalani kuichukua, akaishika, akaona kiganja kimelowa. Akaniuliza kama nina kitambaa kikavu. Nilikuwa nimeshika kitambaa mkononi. Mkuu akaita kutoka langoni kwamba malori yaondoke sasa hivi, wageni wanataka kuyapiga picha yakitoka.

Nikamwambia Ekal, "Nenda tu, utaifuta njiani."

Maneno yangu ni hayo. Nimeyasikia mara nyingi tangu siku hiyo.

Njiani alikaa juu ya lori la nyuma, kwenye vumbi la lori la mbele, kwa muda wa karibu saa mbili. Mliosafiri hivyo mnajua mtu anateremka akiwa rangi moja na barabara. Alijaribu kuifuta kwa shati, lakini mafuta yale hayafutiki kwa shati, yanahama tu. Lori la mbele lilipita mto mkavu, likapanda ng'ambo, likapotea kwenye kona. La nyuma lilipoteremka mtoni, watu wenye bunduki wakatokea kichakani na kufyatua. Dereva akafunga breki na kulala sakafuni. Ekal akafyatua risasi moja. Ganda lake lilitoka nusu, bolti ikarudi mbele polepole, ikakwama. Akaivuta, ikakataa. Akaipiga kwa kiganja, kisha kwa kisigino cha buti.

Juu ya lori hilo alikuwepo mama mfanyabiashara wa kutoka Sudan Kusini anayeitwa Nyibol, ambaye huuza samaki wakavu na mashuka hapo kambini. Alipigwa risasi ya paja. Ekal aliitupa ile bunduki isiyofanya kazi, akambeba Nyibol mabegani, akaruka naye chini, akamkokota nyuma ya ukingo wa mto na kumfunga paja kwa mkanda wake. Wale watu walipakua walichotaka na kuondoka, bunduki iliyokwama hawakuitaka. Koplo wa mbele aliposikia milio alirudi, akakuta bunduki imelala mchangani na askari hayupo. Akamkuta baadaye hatua mia mbili kuteremka mto, nyuma ya ukingo, damu mpaka viwikoni, na ilikuwa damu ya mwingine.

Jioni ile Mkuu aliandika kwamba Konstebo Ekal alitupa silaha yake mbele ya adui na kukimbia.

Nimefanya kazi miaka mingi na nimesoma karatasi nyingi za uongo, lakini nyingi zilikuwa za uvivu. Hii ilikuwa na akili. Kila neno ndani yake lilikuwa kweli: silaha ilitupwa, na yeye alikimbia, amebeba mtu. Ekal alinyang'anywa sare, akaambiwa akangoje nyumbani Nariokotome mpaka atakapoitwa. Nyibol alipelekwa hospitali pale kambini, na aliyeenda kuchukua maelezo yake alirudi na karatasi tupu. Akasema mama yule ana maumivu na Kiswahili chake hakieleweki.

Nilienda mwenyewe. Nilimkuta amelala kwa ubavu, mguu umefungwa vyuma, akinitazama sare kwa chuki ambayo sikuweza kumlaumu. Nilimwambia mimi ndiye fundi wa bunduki zile. Ndipo akaanza kunieleza kwa Kiswahili cha kambini kilichochanganyika na Kiarabu cha Juba, na sikupata shida hata mahali pamoja.

"Yeye kupiga bunduki na mkono, kupiga na mguu. Bunduki nakataa. Yeye nalia. Halafu yeye natupa, nabeba mimi. Sasa watu nasema yeye nakimbia? Yeye nakimbia na mimi mgongoni?"

Niambieni hapo ni wapi hapaeleweki.

Baada ya wiki kadhaa niliitwa Lodwar. Wakubwa watatu walikuwa wamekuja kutoka nje ya kaunti kusikiliza shauri. Kabla ya kikao Mkuu alinipa fomu nitie sahihi, ya kuthibitisha kwamba bunduki ya Ekal ilikuwa nzima siku ile. Alisema imeshajaribiwa uwanjani na imefyatua risasi kumi bila kukwama. Nikaomba kuiona. Akasema hakuna haja. Nikasema siwezi kutia sahihi kitu nisichokiona, na karani aliyekuwa pale, Mungu ambariki, akaileta kabla hajakatazwa.

Ilikuwa safi. Haikuwa na chembe ya mafuta, wala chembe ya vumbi, na ilinuka petroli. Mtu alikuwa ameiosha kutoka mtutu hadi kitako kabla ya kuijaribu, akaiacha uchi kiasi kwamba kutu nyembamba ya rangi ya chai ilikuwa imeanza kwenye bolti. Niliuliza nani ameiosha. Hakuna aliyejua. Bunduki ilijiosha.

Nikarudisha fomu mezani bila sahihi. Mkuu akasubiri karani atoke, kisha akaniuliza swali ambalo naamini alikuwa ameliandaa.

"Ukisema mafuta yalikuwa mabaya, watauliza nani aliyapaka. Utajibu nini, Madam?"

Nikamwambia nitajibu kwamba ni mimi.

Jambo moja nilikuwa nimelifanya siku ileile ya shambulio, na nawaambia mlishike, kwa sababu linatakiwa kufanywa na fundi kabla hajaanza kukasirika. Bunduki ya yule koplo wa lori la mbele haikufyatua hata risasi moja. Ilikuwa imepakwa na mimi, kwa kitambaa kilekile, siku moja na ya Ekal, na ilisafiri barabara ileile. Iliporudi sikuigusa. Niliifunga kwa shuka jeupe, nikafunga kamba, koplo akatia sahihi juu ya karatasi pamoja nami, nikaifungia peke yake. Niliiomba rasmi iletwe Lodwar kama kielelezo, na kwa kuwa ombi lilikuwa na muhuri na hakuna aliyelisoma vizuri, ililetwa.

Kwenye kikao Ekal alisimama karibu na dirisha, amevaa shati la kiraia lililompwaya. Alijibu maswali kwa sauti ya chini. Mmoja wa wale watatu alimuuliza kwa nini asikae na silaha yake hata kama imekwama, na yeye akasema alikuwa na mikono miwili tu. Hawakuiandika.

Zamu yangu ilipofika niliomba meza isogezwe kwenye mwanga. Nikafungua shuka. Nikahakikisha bunduki haina risasi, nikavuta bolti nyuma, nikaiachia. Bunduki nzima, mnajua inavyolia. Hii haikulia. Bolti ilitembea kama mtu anayepita kwenye tope, ikasimama kabla ya kufika. Nikarudia. Ikasimama mapema zaidi. Mwenyekiti wa kikao, mtu mzima mwenye miwani, aliinuka, akaja, akaingiza kidole gumba ndani na kukitoa. Kilikuwa na uji wa kijivu. Akausugua kwa kidole kingine, akasikia chengachenga, kisha akanusa. Akauliza ni mafuta gani haya.

Nikamwambia ni mafuta ya gia ya lori, yaliyoletwa kwetu kama mafuta ya silaha. Nikampa nakala ya ripoti yangu na lile jibu la mstari mmoja. Kisha nikasema kabla hajauliza, "Niliamriwa kuyapaka, nikayapaka. Nilijua yatafanya nini. Huyu kijana aliniomba kitambaa kikavu, na mimi nilikuwa nacho mkononi, nikamwambia aende."

Nilimtazama Ekal nikitarajia kuona chuki, nikaona anatazama nje dirishani. Baadaye nikasema kuna mama ana maelezo kamili ya jinsi alivyobebwa, na kwamba kama Kiswahili chake ni kigumu, wanaweza kuniita mimi niwe mkalimani. Mwenyekiti akatuma mtu hospitalini siku hiyohiyo.

Uamuzi ulitoka baada ya miezi. Ulikuwa barua ya mistari sita. Ilisema mashtaka dhidi ya Konstebo Ekal hayakuthibitishwa. Haikusema samahani. Haikusema alimwokoa mtu. Kuhusu mfanyabiashara wa mafuta hakukuwa na mstari hata mmoja, na nilipouliza habari za pipa niliambiwa halionekani. Pipa kubwa kuliko mimi halionekani. Mkuu alihamishwa, akapewa ofisi kubwa zaidi, mahali penye mvua. Aliyeadhibiwa alikuwa mmoja. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kutumia mafuta yasiyofaa kwenye silaha za kikosi. Niliisoma mara mbili nikaitia sahihi bila kubishana, kwa sababu katika karatasi zote za shauri lile, hiyo ndiyo pekee iliyokuwa na ukweli kwa aliyeandikiwa.

Kilichonichoma ni kwamba ile mistari sita iliwekwa kwenye faili la Ekal na faili likafungwa. Nyumbani kwao hakuna aliyepelekewa. Lakini habari kwamba alitupa bunduki na kukimbia zilikuwa zimefika zamani, kwa redio ya kikosi, kwa madereva, kwa midomo ya watu sokoni. Uongo ulipewa gari, na ukweli ukafungiwa kabatini. Niliomba nakala, wakaninyima. Niliomba tena kwa maandishi, kisha nikaketi kwenye benchi la nje ya ofisi ile siku mbili mfululizo mpaka wakachoka kunipita.

Nikasafiri hadi Nariokotome na nakala hiyo, na sukari, na tumbaku ya baba yake. Ekal hakuwepo, alikuwa mbali na ngamia. Kikosini hakurudi tena. Baba yake, Mzee Lokwang, nilimkuta kisimani, yumo ndani hadi kiunoni, akijaza maji kwenye hori la mbuzi kwa kibuyu. Nilimsalimia, "Ejok," akaitikia bila kuacha kuteka. Nilimwambia mimi ni nani na nimeleta nini. Akasema mbuzi wana kiu, nisome tu.

Barua ilikuwa ya Kiingereza. Nilimtafsiria kwa Kiturkana, mstari kwa mstari, nikisimama juu ya kisima huku mbuzi wakinisukuma miguu. Nilipofika mwisho nikamwambia pia ambayo barua haikusema: mama yule, mkanda pajani, na kitambaa kilichokuwa mkononi mwangu. Mzee alimimina kibuyu alichokuwa ameshika, akapanda juu taratibu, akakaa ukingoni akipumua.

Akasema, "Mwanangu alinieleza hivi siku aliyofika. Nilimsikiliza mara moja, nikaamini. Sisi hapa hatukungoja karatasi. Hiyo ni yenu nyinyi, warudishie walioihitaji."

Tumbaku aliichukua. Barua hakuigusa. Akarudi kisimani, kwa sababu mbuzi walikuwa hawajamaliza kunywa.

Ndiyo ile karatasi niliyoibandika ukutani niliporudishwa Lodwar, juu ya meza ambayo sasa ni yenu, karibu na rafu ya makopo. Wakaguzi wakija huuliza kwa nini fundi wa silaha amebandika barua ya nidhamu ya mtu asiyekuwepo. Msiibandue. Wakiuliza, wapeni kopo lolote lililo wazi, mwambieni kila mmoja wao anuse kwanza, kisha wasimulieni.